Likizo na Okonkwo: mwongozo kamili wa kusoma Things Fall Apart na kuandika insha yake

Things Fall Apart ya Chinua Achebe ni kitabu chembamba. Kina sura 25, na baadhi yake unazimaliza kwa robo saa. Wembamba huo ndio unaowaponza wasomaji wengi. Wanakishika siku ya kwanza ya likizo, wanakimaliza siku ya tatu, wanakiweka juu ya kabati, na siku mbili kabla ya kufungua shule wanakaa mbele ya karatasi tupu na sentensi moja tu kichwani: Okonkwo alikuwa mtu jasiri.

Mwongozo huu ni wa likizo ya wiki nne, iwe ya Juni, Agosti au Desemba. Nimemlenga mwanafunzi aliyepewa kazi ya likizo, ila hata mtu mzima aliyeaga darasa zamani anaweza kuufuata. Ukiufuata, wiki ya nne itakukuta na insha ya maneno kama 1,200 yenye dai lako mwenyewe. Kuanzia sehemu ya wiki ya kwanza nataja matukio makubwa ya hadithi bila kuficha. Kama hujawahi kuisoma, soma sehemu mbili zinazofuata, kisha nenda kwenye kitabu, halafu urudi hapa sehemu kwa sehemu.

Kabla ya sura ya kwanza

Tafuta nakala yako mapema. Ya Kiingereza haina shida kupatikana. Tafsiri ya Kiswahili nayo ipo: Clement Ndulute aliitoa mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jaribu maktaba na wauza vitabu vilivyotumika. Kama Kiingereza chako kinasuasua, hakuna aibu kusoma kwa Kiswahili kwanza na kurudi kwenye Kiingereza kwa sura chache utakazozichambua. Achebe anaandika sentensi fupi, na shida utakayoipata haitakuwa ya msamiati. Shida yake ni kwamba haelezi. Anakuonyesha jambo, anapita, na ukisoma kwa pupa unapita naye.

Ya kujua kabla ya kuanza ni machache. Hadithi iko katika nchi ya Waigbo, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, wakati Waingereza wanaanza kuingia. Achebe alizaliwa Ogidi mwaka 1930, baba yake akiwa mwalimu wa dini wa kanisa, maana yake ni mtoto wa nyumba iliyokwisha kuufuata upande mpya, anayegeuka kuutazama ule wa zamani. Kitabu kilitoka London mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Nigeria. Jina lake limetoka katika shairi la W. B. Yeats, Mwairelandi, na mistari ya shairi hilo iko ukurasa wa mbele. Isome, uendelee.

Kuna na habari moja inayotugusa sisi. Baada ya riwaya yake ya pili kutoka mwaka 1960, Achebe alipata ufadhili wa kusafiri, akazunguka Afrika Mashariki. Huko Tanganyika alikutana na Shaaban Robert, akamsikia akilalamikia taabu ya kuchapishiwa kazi zake za Kiswahili. Wazee hao wawili wa fasihi kukaa na kuzungumza habari za wachapishaji, sijui kwa nini hatufundishwi hilo shuleni.

Vitu viwili vya maisha ya Umuofia, kwao Okonkwo, vitakusaidia usikwame. Wiki ya Waigbo ina siku nne, nazo ni siku za masoko: Eke, Oye, Afo na Nkwo. Kwa hiyo ukisoma "baada ya masoko matatu", hesabu siku kumi na mbili. Na fedha yao ni kauri. Katika karne hiyohiyo kauri za pwani yetu zilikuwa zikipakiwa Zanzibar na kupelekwa Afrika Magharibi na meli za wafanyabiashara wa Hamburg, hata zikafurika katika masoko ya huko. Ukimkuta Unoka, baba yake Okonkwo, katika sura ya kwanza akimcheka mdai wake na kumwonyesha mistari ya chaki ukutani, kila mstari kauri mia moja, huna haja ya kuiona nchi hiyo kuwa ngeni sana.

Usiyoyahitaji: muhtasari wa intaneti, filamu, na dibaji ya mhakiki iliyobandikwa mwanzoni mwa matoleo mengine. Dibaji ni nzuri, lakini isome mwisho. Ukianza nayo utaona kile tu mhakiki alichokwisha kukiona. Akili mnemba pia iache kwa sasa. Itakuandikia insha safi isiyo ya mtu yeyote, na mwalimu aliyesoma insha arobaini za namna hiyo anaitambua kabla hajafika aya ya pili.

Daftari

Nunua kaunta buku moja, iwe ya kitabu hiki peke yake. Gawa kila ukurasa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto andika namba ya sura na kilichotokea, kwa sentensi mbili au tatu, basi. Upande wa kulia andika kinachokusumbua: swali, mshangao, hasira, jambo ulilolisoma mara mbili bila kulielewa. Upande wa kushoto utakusaidia kukumbuka. Insha itatoka upande wa kulia.

Tumia namba za sura, sio za kurasa. Matoleo ni mengi na kurasa hazilingani; ukiandika "uk. 43" mwenzako mwenye toleo jingine atatafuta mpaka achoke.

Kurasa mbili za mwisho za daftari ziwe za majina. Anza na nyumba ya Okonkwo: baba yake Unoka, mke mkubwa, Ekwefi mke wa pili, Ojiugo mke wa tatu, Nwoye mtoto mkubwa wa kiume, Ezinma binti wa Ekwefi. Nje ya nyumba: Obierika rafiki yake, mzee Ezeudu, Chielo kuhani wa kike, Uchendu mjomba wake. Utaona upesi kwamba mke mkubwa hatajwi kwa jina lake. Yeye ni mama Nwoye tu, kama tunavyoitana huku mama Fulani. Liandike hilo upande wa kulia. Kuna watu wamepata insha nzima hapo.

Wiki ya kwanza: sura ya 1 hadi ya 8

Soma sura moja au mbili kwa siku, saa moja kila jioni, simu ikiwa chumba kingine. Sura sita za mwanzo zinaonekana kama hazina haraka: mieleka, mikopo ya mbegu za viazi vikuu, Wiki ya Amani, sikukuu ya viazi vikuu vipya. Wasomaji wengi hulalamika kwamba hakuna kinachotokea. Kinatokea. Achebe anakuzoesha nyumba ile, sauti zake, hofu iliyomo ndani yake, na hasa mtoto mmoja aliyeletwa kutoka Mbaino kama fidia ya mwanamke aliyeuawa. Ikemefuna anakaa kwa Okonkwo miaka mitatu. Nwoye anampenda kama kaka. Hata Okonkwo anampenda, ila haonyeshi.

Unapofika sura ya pili tafuta mahali msimulizi anaposema wazi kwamba maisha yote ya Okonkwo yametawaliwa na woga, woga wa kushindwa na wa kuonekana dhaifu. Msimulizi huyu haelezi mengi, kwa hiyo pale anapoeleza, piga mstari. Ukishalijua hilo, kila unapomwona Okonkwo akinguruma jiulize anaogopa nini.

Sura ya saba isome peke yake, siku yake. Ukiimaliza funga kitabu, andika nusu ukurasa papo hapo, kabla hujaongea na mtu.

Nitaipitia sura hiyo polepole, kwa kuwa ni mfano mzuri wa namna ya kusoma aya kwa aya. Inaanza na wavulana wawili wakiwa wamekua, Okonkwo akifurahi. Nzige wanaingia, na watu wanashangilia, kwani nzige ni kitoweo. Watu wako katika kula nzige Ezeudu anapokuja. Anamwita Okonkwo nje na kumwambia kwamba Umuofia imeamua Ikemefuna auawe, na kwamba kauli hiyo imetoka kwa mzimu wa Milima na Mapango, halafu anaongeza: mtoto yule anakuita baba, usiwe na mkono katika kifo chake. Okonkwo anakwenda hivyo hivyo.

Njiani Ikemefuna amebeba mtungi wa tembo kichwani. Anawaza kama mama yake bado yu hai. Anauimba moyoni wimbo wa kitoto, akitembea kwa mapigo yake: ukiishia mguu wa kulia, mama mzima, ukiishia wa kushoto, amekufa. Hapana, sio amekufa, mgonjwa tu. Wimbo wenyewe umeachwa kwa Kiigbo bila maelezo. Sasa rudi mwisho wa sura ya nne. Pale Nwoye anaikumbuka nchi ya katika hadithi aliyoipenda Ikemefuna, ambako siafu ni mfalme na mchanga unacheza ngoma daima. Mfalme huyo na mchanga huo ndio walio ndani ya wimbo wa sura ya saba. Mtoto anakwenda kufa akiimba kile alichokuwa akimsimulia mdogo wake wakati wa mvua. Achebe hakuambii. Amekuachia uunganishe mwenyewe, na daftari ndilo litakalokuwezesha.

Kisha mtu wa nyuma anakohoa, panga linashuka, mtungi unavunjika, na mtoto anamkimbilia Okonkwo akilia kwamba baba, wameniua. Okonkwo anachomoa panga lake na kummaliza. Sababu inatolewa kwa sentensi moja fupi: aliogopa kuonekana dhaifu.

Usiishie hapo. Soma sura ya nane kesho yake, ambapo Okonkwo hali chakula siku mbili, kisha anakwenda kwa Obierika. Obierika anamwambia kwamba kama miungu ingetaka mwanawe auawe, yeye asingebisha, wala asingekuwa mwuaji. Kumbe hata ndani ya mila palikuwa na nafasi ya kukaa nyumbani. Jambo hilo ni zito kuliko kifo chenyewe kwa mtu anayetafuta la kuandika, maana linakuondolea jibu la rahisi, kwamba "ni mila zao tu".

Wiki ya pili: sura ya 9 hadi mwisho

Ongeza mwendo hapa. Sura ya 9 na ya 11, za Ezinma na mama yake, zisome kwa utulivu, ikiwa ni pamoja na hadithi ya Kobe na ndege. Sura ya 10, ya mahakama ya egwugwu, yaani wazee waliovaa vinyago vya mizimu ya mababu, ni nzuri kuisoma kwa sauti mbele ya wadogo zako. Sura ya 12, ya harusi, unaweza kuipita kwa kasi.

Mwisho wa sura ya 13 bunduki ya Okonkwo inalipuka mazishini na kumwua kijana. Andika ni mtoto wa nani. Kisha andika maswali ambayo Obierika anajiuliza peke yake nyumba ya rafiki yake ikiwa imekwisha kuchomwa: kwa nini mtu aadhibiwe vikali hivyo kwa jambo asilolikusudia? Watoto wake pacha waliotupwa porini walikuwa na kosa gani?

Sehemu ya pili, sura ya 14 hadi 19, ni miaka saba ya uhamishoni Mbanta, kwa wajomba. Sura ya 14 ina mgongano unaotufaa sana sisi. Waigbo wana msemo kwamba mtu akisema ndiyo, chi yake nayo husema ndiyo. Chi ni kama mungu wa mtu binafsi, bahati yake. Sisi tuna msemo wa upande wa pili kabisa: jitihada haiondoi kudura. Mbanta Okonkwo anakaribia kuuafiki wa kwetu, na msimulizi anautilia shaka ule wa wazee wake. Ukitaka kuandika insha ya methali, anzia hapo badala ya kuorodhesha methali thelathini za kitabu kizima.

Sura ya 20 hadi 25 zisome kikao kimoja ukiweza, mchana wa Jumamosi au Jumapili. Ni fupi na zinakwenda mbio kwa makusudi. Ukishafika mwisho, usifungue kitabu siku mbili. Nenda kalime, nenda kacheze mpira. Yatakayobaki kichwani baada ya siku mbili, hata kama ni kitu kidogo kama rangi au sauti, yaandike upande wa kulia.

Wiki ya tatu: chagua uzi mmoja, urudi

Darasani tumezoeshwa orodha ya fani na maudhui: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Orodha hiyo inafaa kwa mtihani wa dakika arobaini. Kwa kazi ya likizo ni sumu. Ukiifuata utaandika aya saba zisizojuana, kila moja ikisema jambo ambalo kila mtu analijua.

Badala yake soma upande wote wa kulia wa daftari kwa mkupuo mmoja, ukizungushia vitu vinavyojirudia. Chagua kitu kimoja kinachoshikika. "Ukoloni" haushikiki. Panga linashikika. Bunduki inashikika, nzige wanashikika, vilevile maswali ya Obierika, hadithi ambazo wanawake wanawasimulia watoto, jina ambalo mama Nwoye hakupewa. Kisha rudi kwenye kila sura kitu hicho kilimo na usome kurasa hizo tu, taratibu.

Tuchukue panga. Okonkwo amekwisha kuua vitani kabla hadithi haijaanza, tunaambiwa. Lakini akiua kwa panga mbele ya macho yetu ni mara mbili: Ikemefuna katika sura ya 7, na tarishi mkuu wa serikali katika sura ya 24. Weka kurasa hizo mbili kando kwa kando. Katika sura ya 7 wenzake wamekwisha kuanza, yeye anamalizia. Katika sura ya 24 yeye anaanza, na hakuna anayemalizia. Watu wa Umuofia wanawaacha matarishi wengine wakimbie, na anasikia sauti zikiuliza kwa nini amefanya hivyo. Anapangusa panga mchangani, anaondoka.

Sasa ongeza bunduki kama kipimo cha pembeni. Katika sura ya 5 anamlenga Ekwefi kwa hasira, anamkosa, na sikukuu inaendelea kwa furaha. Katika sura ya 13 hakumlenga mtu, na ndipo inapoua mtoto wa mzee Ezeudu, yuleyule aliyemwonya kuhusu Ikemefuna. Panga hufanya alichokusudia, bunduki hufanya asichokusudia, na adhabu ya miaka saba inatoka kwa bunduki. Kufikia hapa kichwa kinaanza kuchemka. Usikimbilie kueleza. Jaza daftari kwanza.

Kutengeneza dai

Dai ni sentensi ambayo mtu aliyesoma kitabu hichohicho anaweza kuikataa. "Riwaya hii inaonyesha athari za ukoloni" sio dai. Hakuna wa kuikataa. Hii ni dai: "Mara zote mbili Okonkwo anapoua kwa panga mbele yetu, anaua kwa sababu ya watu wanaomtazama, na anguko lake ni siku ile watazamaji walipobadilika."

Ukishaliandika, lishambulie. Tafuta katika kitabu kinacholipinga, maana mwalimu atakitafuta. Kwa dai hili kipo: katika sura ya 24, kabla ya mkutano, Okonkwo anajiapiza kwamba Umuofia wakiamua vita, vyema, na wakiwa waoga atakwenda kulipiza kisasi peke yake. Mtu anayesema hivyo amekwisha kuacha kujali anatazamwa na nani. Una njia tatu: ulitupe dai, ulipunguze, au uoneshe kwamba ahadi ile ya kulipiza peke yake haikutimia, kwani alipogundua kwamba kweli yuko peke yake hakupigana tena. Mimi ningefuata ya tatu. Lakini ukifuata ya pili na kuandika kwamba kati ya sura ya 7 na ya 24 woga wake umegeuka kuwa kitu kingine, insha yako inaweza kuwa bora kuliko yangu.

Wiki ya nne: kuandika

Anza na aya ya katikati, ile unayoijua vizuri zaidi. Utangulizi utauandika siku ya mwisho, ukishajua unatambulisha nini. Aya mbovu huwa hivi:

"Okonkwo ni mhusika mkuu. Ni jasiri na mwenye bidii. Mwandishi amemchora kama mtu mkatili. Kwa mfano anamwua Ikemefuna. Hii inaonyesha kwamba alikuwa katili."

Haina kosa la sarufi, na haisemi kitu. Mfano umewekwa kuthibitisha neno ambalo lilikwisha kusemwa, kisha neno limerudiwa. Linganisha na hii:

"Okonkwo sio wa kwanza kumpiga Ikemefuna. Mtu mwingine anashusha panga kwanza, na kama mtoto angeanguka palepale, Okonkwo angerudi nyumbani mikono ikiwa safi, kama Ezeudu alivyomsihi. Kinachomlazimisha kuchagua ni kwamba mtoto anamkimbilia yeye, akimwita baba mbele ya wanaume wote. Neno hilo lingeweza kumzuia. Badala yake linamsukuma, kwa sababu kumwokoa mtoto mbele ya wenzake kungekuwa kuukiri ubaba huo hadharani. Msimulizi anatoa sababu kwa sentensi moja, kwamba aliogopa kuonekana dhaifu, wala hasemi dhaifu machoni pa nani. Jibu liko njiani pamoja naye, limeshika mapanga."

Tofauti haiko katika ugumu wa maneno. Aya ya pili imekaa katika dakika moja ya hadithi, imeuliza nani alifanya nini kwanza, na imeuchukua ushahidi mahali msomaji mwingine alipouona lakini hakusimama. Aya nne au tano za namna hiyo zinatosha insha nzima.

Jihadhari na kusimulia hadithi upya. Msomaji wako ameisoma. Achebe mwenyewe ameweka onyo ukurasa wa mwisho: Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anautazama mwili wa Okonkwo na kuwaza kwamba habari za mtu huyu zinaweza kujaza sura nzima ya kitabu anachopanga kuandika, au hapana, aya moja tu, kwa kuwa mengine ni ya kukata. Sisi tumetoka kusoma sura 25 za mtu huyohuyo. Kila unapojikuta unafupisha maisha ya Okonkwo ili ujaze nafasi, jua umekikalia kiti cha Bwana DC.

Kuhusu kunukuu: dondoa kidogo, maneno matano hadi kumi na tano, yale tu ambayo namna yalivyosemwa ina maana. Mengine yaeleze kwa maneno yako na utaje sura. Ukisoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, tafsiri dondoo mwenyewe na useme mara moja mwanzoni kwamba tafsiri ni yako. Maneno kama chi, obi, ogbanje na egwugwu yaache yalivyo, uyafafanue kwa ufupi yanapotokea mara ya kwanza.

Ratiba ya wiki hiyo: siku tatu za aya za kati, siku moja ya utangulizi na hitimisho, siku moja ya kupumzika, siku moja ya kusahihisha. Utangulizi uingie moja kwa moja. Tarehe ya kuzaliwa ya Achebe haina kazi pale, wala kamusi inavyofafanua riwaya. Hitimisho nalo lisirudie aya zako; lipeleke dai hatua moja mbele, kwa mfano kwa kuuliza Nwoye alijifunza nini kutokana na panga la baba yake. Katika sura ya 7 anasikia kitu kimekatika ndani yake kama uta ulioachia, na katika sura ya 17 anahamia kwa Wakristo.

Siku ya kusahihisha isome insha kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawanye. Angalia tahajia ya majina: Ikemefuna, Obierika, Umuofia, Mbaino kwa upande mmoja na Mbanta kwa upande mwingine, ambazo wengi huzichanganya. Mpe mtu mmoja asome, awe amesoma riwaya au la, na umwulize swali moja tu: unadhani nadai nini? Akikujibu kwa sentensi inayofanana na dai lako, peleka. Akikusimulia hadithi ya Okonkwo, rudi kwenye aya ya kwanza ya kati.

Ukibakiwa na siku

Soma No Longer at Ease, riwaya ile ya 1960, ambayo kwa Kiswahili inajulikana kama Hamkani si Shwari Tena. Mhusika mkuu wake, Obi, ni mjukuu wa Okonkwo, na baba yake ni Nwoye, sasa mzee Isaac, mstaafu wa kazi ya kanisa. Sura ya 14 ina mazungumzo ya usiku kati ya baba na mwana, na humo mzee anamtaja Ikemefuna, miaka mingi baadaye, na kueleza alisema nini siku alipoletewa habari kwamba baba yake amejinyonga: wanaoishi kwa upanga hufa kwa upanga. Kama uliandika kuhusu panga, ifungue insha yako tena kabla hujaikabidhi. Bado kuna nafasi ya aya moja.